Ujumbe Ambao Sikuufikisha

Kabla ya kwenda Durban nilikuwa nimeandika miswada ya sheria serikalini, Dodoma, kwa miaka sita. Wizara zilileta mawazo yaliyovurugika, nami nikayageuza kuwa ibara. Nilijua mahali ambapo neno "au" linaweza kumfunga mtu asiye na hatia. Nilipopata ruhusa ya kusomea uzamivu, niliondoka nikiwa na kichwa kikubwa kuliko begi langu.

Utafiti wangu ulihusu sheria ya jinai ya Ulaya: jinsi nchi zenye lugha tofauti zinavyokubaliana kulitaja kosa moja. Kule andiko la kila lugha lina nguvu sawa na jingine, hakuna la asili wala la tafsiri. Hapo ndipo nilipokwama, maana Kifaransa sikukijua hata kidogo.

Nilipanga chumba mtaa wa Umbilo, kwenye fleti ya dada mmoja wa Kikongo, mwenyeji wa Bukavu. Alinizidi miaka kama kumi. Nilimwita dada, naye akaniita mdogo wangu. Alisuka nywele kwenye saluni moja ya Overport. Kwao alikuwa karani wa mahakama kwa miaka tisa. Hilo alinieleza mara moja tu, akiwa anamenya ndizi, nami nikaliacha lipite.

Jumapili moja nilimwomba anisomee kurasa mbili za Kifaransa za sheria hiyo ya Ulaya. Nilitaka tafsiri tu. Akajifuta mikono, akavaa miwani, akasoma, kisha akaomba na zile za Kiingereza.

"Hapa banasema mtu alijua," akasema, akiweka kidole kwenye Kifaransa, kisha kwenye Kiingereza. "Hapa banasema mtu alitaka. Haiko kitu moja, mdogo wangu. Hakimu mmoja atafunga, mwingine ataachilia."

Ibara ile nilikuwa nimeisoma miezi minne. Nilimshukuru, nikaingia chumbani, nikakaa kitandani na hasira nisiyojua nimwelekezee nani.

Wazo lake nililiandika kwenye sura ya tasnifu yangu, na chini nikataja kwamba nilisaidiwa na mtu aliyewahi kuwa karani wa mahakama. Msimamizi wangu, profesa mmoja mwanamke asiyesifu ovyo, akaipenda ile tanbihi kuliko sura nzima.

"Mlete Jumatano," akasema.

Jumatano ilikuwa siku ya warsha. Kila wiki mmoja wetu alileta ibara aliyoitunga, wengine wakaitafutia mianya. Siku hiyo ilikuwa zamu yangu. Nilikuwa nimetunga ibara fupi ya zoezi: mtu yeyote atakayeweka bidhaa kwenye njia ya waenda kwa miguu bila kibali, ametenda kosa. Nilikuwa naipenda. Nilikuwa nimeisoma kwa sauti mbele ya kioo.

Kiingereza cha dada kilikuwa cha saluni, kilimtosha kwa wateja lakini si kwa darasa. Ikabidi aseme Kiswahili, nami nimtafsirie.

"Nauliza," akasema. "Ule mama wa soko ya Warwick anatembeza mahindi, beseni iko kichwani. Hajaweka kitu chini. Sheria yako inamuona?"

Nikatafsiri. Profesa akanitazama mimi. Nikakiri kwamba haimwoni.

"Na mteja amenunua, ameweka mfuko chini afunge kamba ya kiatu. Huyu naye?"

Kwa nukta chache nilifikiria kuligeuza swali na kulitafsiri vingine. Nani angejua? Lakini palikuwa na mwanafunzi Mkenya, naye alikuwa ameshaanza kucheka. Nikatafsiri kama lilivyo.

"Kwa hiyo muuzaji anakwenda zake, mteja anakamatwa!" profesa akasema, na chumba kizima kikaangua kicheko. Dada alicheka pia, bila ubaya wowote. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Baada ya warsha profesa akanivuta pembeni ukumbini.

"Mwezi ujao anakuja mhadhiri kutoka Ulaya. Wiki mbili, sheria ya jinai ya kwao na namna wanavyoiandika. Nyinyi wanafunzi wangu mmo tayari, imebaki nafasi moja. Mwambie rafiki yako alete barua ya maombi kabla ya Ijumaa."

"Nitamwambia," nikasema.

Tukiwa kwenye teksi ya kurudi Umbilo, dada aliuliza, "Profesa alisema nini?"

"Alifurahi. Anakushukuru."

"Asante tu?"

"Asante sana."

Ijumaa ikapita. Nilijipa sababu: saluni isingemruhusu, Kiingereza kingemsumbua, angeaibika mbele ya watu wenye shahada. Sababu zote zilikuwa nzuri, ila hakuna hata moja iliyokuwa ya kweli.

Mafunzo yalipoanza nilikaa mstari wa mbele. Siku ya tatu mhadhiri alisema kwamba sheria ya jinai isiyoeleweka humfunga mtu kwa kumvizia, akaomba mfano. Nikampa mteja na kamba ya kiatu. Akapiga makofi. Nami nikazipokea sifa zile, na wakati wa mapumziko chai ikanishinda kunywa.

"Rafiki yako hakutaka?" profesa akaniuliza.

"Kazi zimembana."

Wiki iliyofuata profesa alikwenda dukani Overport, akamwona dada mlangoni mwa saluni. Jumamosi asubuhi dada alikuwa anapiga pasi.

"Profesa alinipa pole ya kazi nyingi," akasema bila kuinua macho. "Kazi gani?"

Ningeweza kudanganya tena. "Sikukuambia, dada, kwamba alitaka barua yako ya kujiunga na mafunzo. Nilikuonea wivu."

Akaisimamisha pasi. "Nilikaa masjala ya mahakama miaka tisa. Faili ikipotea, watu banatafuta adui. Mimi nilitafuta mtu wa meza ya karibu."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe, lakini haiko leo. Leo tunaandika ile barua ya profesa."

Tuliandika mezani, palepale penye nguo. Niliweka kwa Kiingereza kwamba aliwahi kusaidia shughuli za mahakama. Akaniuliza nimeandika nini, nikamsomea.

"Sikusaidia. Nilikuwa karani. Andika karani."

Nikafuta, nikaandika. Nilipotaka kuikunja niipeleke mwenyewe, akaichukua mkononi mwangu.

"Hapana. Hii nitabeba mimi."

Nafasi ya mafunzo ilikuwa imekwisha, lakini profesa alimpa kazi ya kusoma maandiko ya Kifaransa kwa ajili ya utafiti wake, siku mbili kwa wiki. Saluni siku hizo wanamshikia zamu. Mimi bado nahangaika na sura ya tano. Wakati mwingine nikifika kwenye korido nasikia wawili hao wakicheka ndani, na wivu unaniuma kama siku ile ya warsha. Nasimama kidogo mpaka upungue, halafu nabisha hodi.