Paa la Gari la Shemeji

Mtaani wanamwita Milimita, na jina hilo hakuliokota njiani. Miaka thelathini na ushee alikuwa fundi wa bodi za magari, akinyoosha bati lililokunjamana mpaka mwenye gari asahau palipogongwa. Alipostaafu, mikono ilikataa kustaafu naye. Akaangukia magari madogo ya plastiki, yale ya zamani yanayouzwa vipande vipande ndani ya boksi, uyaunge mwenyewe kwa gundi. Mkewe alidhani ni homa ya kupita. Haikupita, na meza ya kulia chakula ikaenda nayo.

Sasa, angekuwa anaunga tu, pangekuwa na nafuu. Milimita husahihisha. Waliochonga maumbo yale enzi hizo nao walikuwa binadamu, wakipunja hapa, wakizidisha pale. Yeye hukaa na kijitabu cha vipimo cha kiwanda na rula ya chuma, akakata, akaziba mapengo kwa puti, akapiga msasa, hadi gari dogo lilingane na lile kubwa. "Wewe na hiyo plastiki mmekoseana nini?" mkewe humwuliza. Hajibu, maana mara nyingi huwa ameuma kibano mdomoni.

Basi dada yake mkubwa akaja na ombi. Macho yake yalikuwa yakififia mwaka hadi mwaka, na mwaka huu yalizima kabisa. Jumamosi binti yake angekuja kumchukua akaishi naye mji mwingine, mbali, na kurudi hakuna.

"Picha hazinifai tena, mdogo wangu," alisema. "Nataka gari la shemeji yako, nilishike."

Marehemu mumewe alikuwa dereva wa teksi, na dada ndiye aliyeliosha gari lile kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa. Alilijua kwa viganja.

Milimita alikuwa na boksi moja tu la gari la aina ile, na lilikuwa limeacha kutengenezwa tangu yeye ana nywele nyeusi. Alilifungua kwa heshima, akapima, akaguna. Paa lilikuwa limezidi kwenda juu kwa milimita mbili. Ati milimita mbili ni nini? Kwenye gari kubwa hizo ni upana wa vidole vitatu. Mlitaka afanyeje? Akachukua msumeno mwembamba, akakata nguzo zote za paa, akazifupisha, akazibandika upya, akapiga msasa hadi hata yeye mwenyewe hakuona alipokata. Siku hiyo alipiga mluzi mpaka majirani wakauliza kulikoni.

Jumatano dada akaja kulishika kabla halijapakwa rangi. Vidole vikapita kwenye boneti, akatabasamu. Vikapanda kioo cha mbele, vikafika paani, vikasimama. Vikarudi, vikapanda tena.

"Zuri," alisema taratibu. "Ila hili ni la mtu mwingine."

"La mtu mwingine vipi, dada? Nimelipima."

"Mimi sijui kupima. La kwetu lilikuwa na kichwa. Hili wamelikandamiza." Akalirudisha mezani kwa upole, na upole ule ndio uliomchoma Milimita. Angegomba ingekuwa heri.

Dada alipoondoka, Milimita alikaa akikitazama kigari. Ndipo alipokumbuka. Gari la shemeji liliwahi kubiringika mtaroni, paa likabonyea lote, na aliyelitengeneza ni yeye. Paa la aina ile lilikosekana mjini, akakata la gari jingine lenye nguzo ndefu kidogo, akaliunga kwa haraka za ujana. Mshono ulionekana hadi siku gari linauzwa, na kila alipolipanda alitazama upande mwingine kwa aibu. Kumbe kosa la waliochonga plastiki na kosa lake mwenyewe yalilingana. La wenzake kalisahihisha, lake kalisahau. Nyani haoni kundule.

Maji yakimwagika hayazoleki, ila plastiki ina huruma kidogo. Alhamisi alikata nguzo upya, mahali pale pale, akapachika kila moja kipande cha milimita mbili. Nguzo moja ikivunjika, hakuna boksi jingine, wala hakuna Jumamosi nyingine. Mkewe aliacha utani, akamshikia taa. Lakini hadi Ijumaa puti ilikuwa haijakauka sawasawa, msasa ukiigusa inachunika, na mstari ukabaki kuzunguka kila nguzo. Aliupaka rangi hivyo hivyo huku akijilaumu.

Jumamosi alimkuta dada yake kwenye kochi, mabegi miguuni, binti yake akihimiza: "Mjomba, tunachelewa." Milimita akamwekea dada gari mikononi.

"Paa nimelirudisha juu. Ila unisamehe, dada, pana mshono. Muda haukunitosha, ningeweza—"

"Nyamaza kidogo."

Vidole vikapanda kioo, vikapita paani, vikashuka kwenye nguzo ya upande wa dereva. Vikaukuta mstari, vikakaa hapo muda mrefu, hata binti akaliweka chini begi aliloshika.

"Ndilo," alisema, akicheka na machozi yakimtoka. "Mshono wenyewe huu hapa. Shemeji yako hakuingia garini siku hata moja bila kupitisha kidole hapa kwanza. Abiria wakimwuliza, anawaambia, hapa ndipo shemeji yangu aliponirudishia kazi yangu."

Milimita akainama akautazama mstari. "Mimi nilidhani ananichukia kwa ajili ya huo mshono."

"Akuchukie? Niliwahi kumwambia alipeleke kwa fundi mwingine aufiche. Alininunia siku mbili."

Milimita akaketi pale pale, juu ya begi la dada yake. Alikuwa ameibeba aibu ile tangu ujana, akaizoea, akadhani ndivyo mabega ya mtu yalivyo, na sasa imemtoka bila hata kuaga. Akacheka, kisha akajikuta analia, wala hakujisumbua kuficha uso.