Breki Isiyosubiri Umeme

Mwanangu, ipo Ijumaa moja ya mwezi wa nane ninayoikumbuka kuliko sikukuu zangu zote, na siikumbuki kwa furaha. Siku hiyo nilipanda ngazi ya paa na spana mkononi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, diploma mpya ya mekanika, na kiburi cha kutosha watu wawili.

Nilikuwa msichana pekee katika kiwanda kimoja cha barafu hapa Lubumbashi, upande wa Kamalondo. Mashine zetu zilipozwa kwa maji, na maji hayo yalipozwa na feni kubwa juu ya paa, iliyozungushiwa uzio wa waya wenye mlango mdogo. Feni ile ilikusanya vumbi na mifuko ya plastiki, ikabidi isafishwe kila mara. Basi tulikuwa na desturi yetu: umeme ukikatika, msafishaji anapanda. Na umeme wa mji huu unaujua, haukuwahi kutunyima nafasi ya kusafisha.

Lakini feni haisimami kwa sababu umeme umeondoka. Inaendelea kuzunguka kwa nguvu iliyobaki, na ikichoka, upepo wa mwezi wa nane unaichukua na kuizungusha polepole, kimya kimya. Ndiyo maana fundi wetu mzee, Papa Kabamba, mtoto wa mfanyakazi wa reli kutoka kaskazini, alitengeneza breki yake. Kilikuwa kipande cha mti mgumu wa mubanga kilichovikwa ngozi ya mkanda wa zamani, na nyuma yake springi ya gari bovu. Ukifungua mlango wa waya, springi inakisukuma kile kipande kwenye puli na feni inasimama. Ukifunga, mlango wenyewe unakivuta pembeni. Basi, hakuna kingine. Hakuna waya, hakuna kitufe, hakuna cha kuungua.

Mimi nilikiona kichafu. Kilipiga kelele, kilinuka ngozi iliyoungua, na Jumatatu wageni wakubwa walikuwa wanakuja kutembelea kiwanda. Nilikuwa nimeshamwonyesha mkurugenzi breki ya umeme kwenye katalogi, nzuri, inang'aa, naye akasema itaagizwa. Wazee wanasema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi niliacha mbachao kwa picha ya msala! Nilifungua bolti nne, nikaitupa ile mbao chini ya ngazi, nikanawa mikono. Mkurugenzi alinisifu. Sikumwambia mtu mwingine yeyote.

Jumanne umeme ukakatika. Ngoie, msafishaji wetu, baba wa watoto wanne, akapanda kama alivyopanda miaka yote. Alifungua mlango, akainama kuchukua brosi, akainuka na kuingiza mkono bila kuangalia. Kwa nini aangalie? Miaka yote, akiinuka na brosi, feni ilikuwa imekwishasimama. Siku ile upepo ulikuwa unaizungusha.

Alipoteza vidole viwili vya mkono wa kuume. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa. Hawakutufundisha kwamba guu linaweza kuwa la mwenzako. Nilimshika pale juu ya paa mpaka walipomteremsha, na hata leo nikisimulia hapa nasikia aibu ya siku ile kifuani.

Kesho yake mkurugenzi aliniita ofisini. Mezani kulikuwa na karatasi iliyochapwa vizuri: Ngoie hakuwa makini, kosa ni lake. Ukishaandikwa hivyo, mwanangu, kiwanda hakikutibu, na ukipona unaonyeshwa geti. Walihitaji sahihi ya fundi mmoja.

"Mademoiselle, signez tu hapa," aliniambia kwa upole. "Avenir yako, maisha yako ya kesho, iko muzuri. Usiiharibishe ju ya muntu hakuangalia."

Nisikudanganye, nilishika kalamu. Karatasi ile ilikuwa inanificha vizuri mno. Nikamwomba dakika tano, nikatoka uani kuvuta hewa, na huko nikamkuta Papa Kabamba amekaa juu ya kasha, mbao yake magotini, anaipangusa vumbi. Nikamwambia nilichoitiwa ofisini. Hakunyanyua sauti, na afadhali angepiga kelele.

"Frein hii, ulitosha weye, uliitoa weye," alisema, akiigonga ile mbao. "Sasa unataka kumutosha Ngoie na jina yake?"

Nikasema, "Papa, banaweza kunifukuza."

"Banaweza. Na kama unasigner, banakubakiza. Njo hapo utabakia nani?"

Nilirudi ofisini. Niligeuza ile karatasi, nikaandika nyuma yake kwa mkono wangu: Breki niliitoa mimi siku ya Ijumaa. Mkurugenzi aliona na akakubali. Ngoie hakuambiwa. Hapo ndipo nikatia sahihi. Mkurugenzi alipotaka kuichukua, nikaikunja na kutoka nayo mpaka uani walipokuwa wafanyakazi wote, nikaisoma kwa sauti, huku yeye akiniita kutoka mlangoni kwa majina ambayo sitayarudia mbele yako.

Nilimaliza kusoma. Nilidhani watanipiga, na ningestahili. Kumbe mmoja akaketi chini, kisha wa pili, kisha wote. Umeme ulikuwa umerudi asubuhi hiyo, lakini hakuna aliyegusa swichi ya mashine.

"Tunangoja frein ya Papa Kabamba," mmoja alimjibu mkurugenzi. "Na Ngoie atunzwe na kiwanda. Kama sivyo, barafu iyeyuke."

Barafu haijui kungoja, mwanangu, hasa mwezi wa nane. Ilipoanza kutiririka kuelekea kwenye mfereji, mkurugenzi alikubali mbele ya watu wote kwamba Ngoie atatibiwa na atabaki kazini. Nikachukua ile mbao, nikapanda. Aliniuliza kutoka chini nani amenipa ruhusa. Nikamjibu nitakapomaliza ataniuliza tena. Nilifunga bolti zote nne, nikafungua mlango wa waya, springi ikasukuma, ngozi ikalia, feni ikasimama. Sijawahi kusikia kelele tamu kama ile. Nilifukuzwa kazi kabla sijafika chini ya ngazi, na nikatoka getini bila kuinamisha kichwa.

Jumapili, baada ya misa, nilikwenda nyumbani kwa Ngoie kuomba msamaha. Mkono ulikuwa umefungwa bendeji. Mkewe alinipa kiti. Ngoie aliuweka magotini.

"Nilikuwa siangalie ju niliaminia weye," alisema. "Sasa nitakuwa naangalia kila siku. Ile imani njo ulinikamata, uliniondolea, kupita vidole."

Hakusema amenisamehe, nami sikumlazimisha.

Leo vijana mnaniletea simu zenu, mnanionyesha kadi za elektroniki za kusimamisha feni. Nzuri, sikatai, na mimi pia napenda vitu vinavyong'aa. Lakini mtu akiniambia mbao na springi ni mambo ya maskini, damu inanichemka! Katika mji ambao umeme unaondoka bila kuaga, breki inayohitaji umeme ili ikamate inaondoka nao. Kitu kinachofanya kazi hakiombi radhi kwa sura yake, nawe usikiombee. Na kama ni lazima ukitoe, mwanangu, kabla hujashika spana nenda kwa yule anayeweka mkono wake pale, umwambie uso kwa uso. Asipokuwepo, mngoje. Ukikosea, kosa libebe wewe, kwa sauti, mchana, mbele za watu, hata kama mkubwa anakupa mahali pazuri pa kulificha. Mficha uchi hazai. Kazi nyingine utapata. Mimi nilipata, na nyingine baada ya hiyo.

Nenda kwenye kazi yako ya ufundi na baraka zangu. Mungu akuhifadhie vidole vyako kumi na vya wote wanaokuamini. Akupe mdomo usioogopa meza kubwa. Na siku watakapokuletea karatasi ya uongo uitie sahihi, kalamu ikukaukie mkononi.