Mama Aliyerudisha Vidonge vya Tezi

Juzi, nikiwa kwenye foleni ya dirisha la dawa hospitalini hapa Same, mama mmoja mkulima wa tangawizi kutoka Mamba alimsukumia nesi vidonge vyake vya tezi ya shingo.

"Chukua, mwanangu. Tangu nivianze natetemeka, moyo unanienda mbio."

"Ukifanya nini, mama?"

"Nikipandisha gunia la tangawizi mlimani."

"Na kabla ya dawa?"

"Nilikuwa nalala tu. Nguvu ya gunia ningeitoa wapi?"

Nesi akamshika mkono, akahesabu mapigo. "Usiache dawa, mama. Ingia kwa daktari, huenda akaipunguza."

"Mbona siku ile mliponipa hamkuniambia kwamba mwili utashtuka?"

"Tulihofia utaogopa."

Mama akavifunga vidonge kwenye pindo la kanga, akaingia kwa daktari. Niliyewaka kwa hasira ni mimi, pale kwenye foleni. Aliogopa vilevile, jamani, ila peke yake, huko mlimani.