Mkaguzi Darasani kwa Mwalimu Pyo

Mwalimu Pyo hakuacha kamwe kufumba macho alipozungumza Kiingereza. Alisema maneno humjia vizuri gizani. Siku alipokuja mkaguzi, kushindwa ukaguzi kulimaanisha kunyang'anywa darasa la mwaka wa mwisho. Akasoma ukurasa mzima, macho ameyafumba, nami, mwalimu mwenzake, nikichungulia mlangoni.

Shuleni kwetu Suncheon, Korea, mwanafunzi akisinzia husimama nyuma ya darasa ili asilale. Pyo alipofumbua macho, madawati yote yalikuwa matupu, darasa zima limesimama ukutani. Aliyeketi ni mkaguzi peke yake, anakoroma.

"Mwalimu, na huyu naye asimame?" akanong'ona Da-hye, kiranja.

"Nyamaza wewe! Mwache."

Ripoti ilisifu kwamba hakuna mwanafunzi aliyelala.

Siku aliyostaafu, Pyo aliniinamia langoni. "Mwalimu Yeom, wakija kukukagua, wasomee ukurasa mrefu."