Njano Isiyotoka Kwenye Kopo

Ninapiga rangi magari mtaa wa Ngarenaro, na jicho langu halijawahi kuniangusha. Niletee mlango uliobonyea, nitachanganya rangi yake mpaka mwenye gari asahau palipogongwa. Ndiyo maana binti yangu alipoikataa kazi hii akaenda kufunga taa kwenye kumbi za harusi, niliumia. Wateja wakiniuliza kama mtoto amerithi ufundi, nilijibu kwamba huyo anachezea swichi. Mara nyingine alikuwapo, anasikia.

Mwaka jana alipata kazi kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti wa jirani yetu kabla ya harusi, katika ukumbi mmoja mtaa wa Sakina. Jirani alitaka jukwaa la njano, lifanane na vitenge vya familia. Mchana nilienda kusaidia kutundika vitambaa, nikamkuta mwanangu ana taa nyekundu, kijani na bluu tu.

"Njano iko wapi?"

"Ipo, mama. Nachanganya nyekundu na kijani."

Hasira zikanipanda. Mbele ya jirani na kamati nzima nikasema nyekundu na kijani ni tope, kila fundi anajua, na kama ameshindwa aseme mapema watu watafute mwingine. Jirani akaanza kutafuta namba kwenye simu. Mwanangu akaenda kufunga mapazia.

Aliwasha taa nyekundu kwenye kitambaa cheupe, kisha ya kijani juu yake. Zilipokutana pakatokea njano safi, kama ndizi mbivu za kwetu Meru. Nikasogea nikaweka kiganja pale, nione kama ni ujanja. Nacho kikawa cha njano.

"Rangi ya kopo inakula mwanga, mama," akasema taratibu. "Ukiongeza nyingine inakula zaidi, mwisho wake tope. Mimi naongeza mwanga juu ya mwanga."

Akaongeza ya bluu. Kitambaa kikarudi cheupe.

Kwangu rangi zote zikikutana ni ile ndoo ya masalio tunayomwaga. Niliona aibu kweli. Kwa kuwa nilimdhalilisha mbele ya watu, nikamwomba msamaha mbele ya watu haohao. Jirani akarudisha simu kwenye pochi.

Juzi mteja mpya aliniuliza kama nyumbani kuna fundi rangi mwingine.

"Yupo binti yangu," nikamwambia. "Tena amenizidi. Mimi nyeupe nanunua dukani, yeye anaichanganya."