Mapera ya Buluo

Juzi sokoni Panda nilinusa mapera yaliyoiva sana, nikajikuta niko tena jikoni kwetu. Mama alikuwa amechemsha ndoo tatu za mapera ya mti wetu, akachuja mbegu, akakoroga na sukari mpaka ukawa uji mzito uliorukaruka na kumchoma mikono. Hakupumzika.

"Mama, tia mu machupa," nilimwambia, maana kabati lilijaa chupa tupu.

"Hapana. Inafaa ikauke, nikate vipande. Baba yako atakula mwezi muzima."

Nilikuwa nimeambiwa Baba amepata kazi Buluo. Nikaona Mama ni mchoyo tu wa chupa zake.

Leo najua kwamba kwenye geti la gereza la Buluo, chupa ya kioo haiingii.