Shingo za Shaba

Juzi nilimkuta baba akimkata binti yangu kucha, akigeuza kila kidole kwenye mwanga taratibu, na wivu ukanishika, mimi mama mzima.

Mikono ile niliwahi kuiona ikigeuza hivyo nilipokuwa mdogo, kwenye gereji ya nyumbani kwetu Quakers Hill, huko ughaibuni. Baba alikuwa nesi, na Jumamosi alipenda kwenda klabuni kulenga shabaha. Mchana ule alikuwa akipara shingo, ile sehemu nyembamba ya mdomoni, za maganda matupu ya risasi. Kifaa kilikwaruza polepole, shaba ikatoka nyuzi nyembamba za kung'aa, gereji nzima ikanuka mafuta. Kila ganda alilipuliza, akalitazama kwa jicho moja. Mimi hakuwahi kunitazama hivyo.

Leo najua alikuwa akisawazisha unene wa shingo tu, ili akilijaza ganda upya risasi iende sawa. Siku ile niliamini anatibu wagonjwa.

"Baba, hata mimi shingo inauma."

Akanibonyeza kwa vidole vyenye mafuta. "Haina kitu, mama. Nenda kacheze."

Akachukua ganda jingine. Nililichukia.

Juzi, alipomaliza kucha, aliinua macho akaniona nimesimama mlangoni.

"Vipi, shingo bado inauma?"

"Inauma, baba."